Hariri na Kutu: Mandhari kama Mhusika katika Picha za Mitindo Zilizopigwa Viwandani

Utangulizi

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na tuulizwapo maana yake hatukawii kujibu kwamba kila kizuri kimetolewa jasho. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, ni nadra kwetu kuuliza swali linalofuata: aliyekiunda chombo hicho yu wapi tunapokitazama kikielea? Makala haya yanalichukua swali hilo na kulipeleka katika uwanja ambao wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hatujauzoea sana, yaani picha za mitindo ya kifahari zinazopigwa katika viwanda, magofu, karakana na masoko ya walalahoi.

Huenda msomaji akauliza mhakiki wa fasihi anatafuta nini katika majarida ya mitindo. Picha ya aina hii ni matini. Ina wahusika, ina mandhari, ina msimulizi ambaye ni kamera, na ina hadhira inayolengwa. Mwanamke aliyevaa gauni la hariri akisimama kando ya tanuri la kuyeyushia chuma amewekwa pale kwa makusudi, kama vile mwandishi wa riwaya anavyomweka mhusika wake katika jumba la kifahari au katika kibanda cha mabati. Kwa hiyo zana tulizofunzwa za uhakiki zinatosha kuisoma.

Hoja tunayoitetea ni hii: mandhari ya kiwanda katika picha ya mitindo ina uwezo wa kuwa mhusika kamili, na ubora wa picha, kisanaa na kimaadili, hutegemea kama mpiga picha ameiruhusu mandhari hiyo izungumze au ameifanya pambo bubu.

Istilahi za msingi

Ni vyema tuanze kwa kuweka wazi istilahi tatu. Ya kwanza ni mandhari. Katika uhakiki, mandhari hujumuisha mahali, wakati na hali ya kijamii ambamo tukio linatendeka. Tukisema kwamba mandhari ya picha ni kiwanda, tumetaja pia saa za kazi, mishahara, vumbi mapafuni na watu wanaoingia na kutoka langoni.

Ya pili ni ukinzani. Huu ni uwekaji wa vitu viwili vinavyopingana bega kwa bega ili kila kimoja kiuangaze kingine. Anwani ya riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Asali Chungu, ni mfano ambao kila mwanafunzi anaufahamu. Hariri na kutu ni ukinzani wa aina hiyo hiyo, ila umeandikwa kwa mwanga badala ya wino.

Ya tatu inatokana na Wanaumbuji wa Urusi. Katika makala yake ya mwaka 1917 kuhusu sanaa kama mbinu, Viktor Shklovsky alieleza kwamba mazoea hutupofusha, na kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kigeni kile tulichokizoea ili tukione upya. Gauni la kifahari ndani ya studio ni jambo la kutarajiwa, na jicho hulipita upesi. Gauni lilo hilo likiwekwa kando ya mtambo wenye masizi hulisimamisha jicho. Tunaliona gauni upya, na pengine tunauona mtambo kwa mara ya kwanza.

Roland Barthes naye, katika kitabu chake kuhusu mfumo wa mitindo kilichotoka Ufaransa mwaka 1967, alionya kwamba picha za mitindo huuchukua ulimwengu na kuugeuza jukwaa la maonyesho. Onyo hilo ndilo litakalotuongoza. Je, kiwanda kinabaki kiwanda, au kimefanywa pazia la jukwaani?

Kutoka studio hadi magofu

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, picha za mitindo zilipigwa zaidi ndani ya studio, mwanamitindo akiwa ametulia kama sanamu. Mwaka 1933 Martin Munkácsi, Mhungaria aliyekuwa amezoea kupiga picha za michezo, alimpiga picha mwanamitindo Lucile Brokaw akikimbia ufuoni kwa niaba ya jarida la Harper's Bazaar la Marekani. Tangu hapo mandhari ya nje ikawa sehemu ya lugha ya mitindo.

Hatua iliyotugusa zaidi ni ya mwaka 1941. London ilikuwa imepigwa mabomu na ndege za Ujerumani kuanzia Septemba 1940 hadi Mei 1941. Cecil Beaton akampeleka mwanamitindo katika magofu ya Temple, mtaa wa kale wa mawakili, akiwa amevaa suti iliyobuniwa na Digby Morton. Mwanamitindo ametupa kisogo, anayatazama matofali yaliyoporomoka. Jarida la Vogue la Uingereza liliichapisha picha hiyo chini ya anwani yenye maana kwamba mitindo haiangamizwi.

Tuisome picha hii kama tunavyosoma beti za shairi. Kwanza, mwanamitindo hashindani na magofu. Anayatazama, nasi tunayatazama pamoja naye. Kwa hiyo mandhari ndiyo inayotazamwa na vazi ndilo linalotazama. Pili, mandhari hiyo ni ya wasomaji wenyewe. Wanawake waliolinunua jarida hilo walipita kando ya vifusi kama hivyo kila siku. Tatu, kuanzia tarehe 1 Juni 1941 nguo nchini Uingereza zilitolewa kwa mgao wa kuponi. Hivyo suti ile nayo ilikuwa imeguswa na vita vilivyoyavunja majengo. Vazi na kifusi vina historia moja, na ukinzani wao unazaa maana kwa sababu chini yake kuna undugu.

Mtaa wa Lepic: mandhari inapojibu

Miaka sita baadaye, mjini Paris, mambo yalikwenda kombo. Februari 1947 Christian Dior alizindua mtindo uliokuja kujulikana kama Mwonekano Mpya: kiuno kilichobanwa na sketi pana zilizomeza mita nyingi za kitambaa. Baadaye mwaka huo ikapangwa kazi ya kupiga picha za mavazi hayo katika soko la mtaa wa Lepic, huko Montmartre. Bila shaka wapangaji waliona kwamba vibanda vya mboga na mawe ya barabarani vingelipendezesha vazi kwa ukinzani.

Walisahau jambo moja. Soko lile lilikuwa na wenyewe. Ufaransa ya mwaka 1947 ilikuwa bado inatoa mkate kwa mgao, na wanawake wengi walivaa nguo za tangu kabla ya vita. Walipowaona wanamitindo wakijitembeza na sketi zile, wanawake wa sokoni waliwavamia, wakawavuta nywele na kuwararulia nguo. Picha za mkasa huo zilisambaa kuliko picha zilizokusudiwa.

Hatuusifu ukatili walioupata wanamitindo wale, ambao nao walikuwa wafanyakazi waliotumwa. Tunachosema ni kwamba kisa hiki kinathibitisha hoja yetu kwa njia ya wazi mno. Mandhari iliyodhaniwa kuwa pazia ilikuwa mhusika mwenye njaa, kumbukumbu na hasira. Ilipokosa kupewa usemi ndani ya picha, ilijitwalia usemi wake nje ya picha. Lugha yetu imelisema jambo hili kwa ufupi: mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Tofauti kati ya London na Paris haimo katika uzuri wa vazi. Imo katika uhusiano. Beaton alipiga picha ya vazi na gofu vilivyoshiriki msiba mmoja. Wapangaji wa mtaa wa Lepic walileta shibe mbele ya njaa, kisha wakaiomba njaa itulie ili picha ipendeze.

Pont-à-Mousson: mtoto wa mji wa chuma

Peter Lindbergh alizaliwa mwaka 1944 na kulelewa Duisburg, mji wa Ujerumani ulio mahali mto Ruhr unapokutana na Rhine. Duisburg ni mji wa makaa na chuma. Alipokuwa mpiga picha mashuhuri wa mitindo, hadi kifo chake mwaka 2019, alipendelea picha zisizo na rangi, na mara nyingi alirudi kwenye mitambo, mabomba na kuta zilizochakaa. Kwake yeye kiwanda kilikuwa nyumbani.

Mwaka 1988 alipiga picha za mavazi ya Comme des Garçons huko Pont-à-Mousson, mji wa kaskazini mashariki mwa Ufaransa unaofahamika kwa kusubu mabomba ya chuma. Katika mojawapo ya picha hizo, wanamitindo watatu, Michaela Bercu, Linda Evangelista na Kirsten Owen, wamevaa mavazi ya giza mbele ya mitambo mikubwa. Tukumbuke kwamba Rei Kawakubo, aliyeianzisha Comme des Garçons mjini Tokyo mwaka 1969, alikwisha kuwashtua watu wa Paris mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mavazi meusi na sweta zenye matundu ya makusudi. Mavazi yake yenyewe yaliuliza uzuri ni nini na umalizifu ni nini.

Hapa ukinzani ni wa kina zaidi kuliko hariri na kutu tu. Weusi wa kitambaa unakaribiana na weusi wa chuma. Umbo la vazi linaitikia umbo la mtambo. Jicho linasitasita: je, hawa ni wanawake wa jarida au ni wafanyakazi wa zamu? Katika kusitasita huko ndimo sanaa ya picha ilimo, kwa kuwa mtazamaji analazimika kukumbuka kwamba kitambaa nacho hutoka kiwandani, na kwamba kuna mikono iliyokifuma.

Hata hivyo mhakiki hana budi kuuliza swali gumu. Miaka ya 1980 ilikuwa miaka ya kufungwa kwa viwanda vingi vizito vya Ulaya. Mjini Duisburg kwenyewe, tanuri za Meiderich zilizimwa mwaka 1985, na baadaye mahali hapo pakageuzwa bustani ya umma. Je, kutu hupendeza machoni pa jarida wakati ambapo wafanyakazi wamekwisha kwenda zao? Kiwanda kilichokufa ni mandhari tulivu: hakina kelele, hakina msimamizi, hakina mtu wa kudai ujira. Ndiyo sababu ni lazima msomaji wa picha atofautishe kiwanda hai na kiwanda mfu. Cha kwanza kina wenyewe waliopo. Cha pili kina wenyewe waliokwisha kusahauliwa.

Kamera kama msimulizi

Mwanafunzi wa fasihi anajua kwamba msimulizi huamua nini tukione kwa karibu na nini kibaki mbali. Kamera hufanya hivyo kwa njia zinazoweza kupimwa, na ni vyema tuzielewe.

Njia ya kwanza ni tundu la lenzi. Tundu likifunguliwa sana, mathalani namba 2.8, mwanamitindo huonekana wazi ilhali mtambo ulio nyuma huyeyuka ukawa ukungu. Tundu likibanwa hadi namba 11, mtambo nao hupata sura: parafujo, nyufa na masizi huonekana. Lakini kutoka 2.8 hadi 11 mwanga unaoingia hupungua mara 16. Ikiwa picha ya kwanza ilihitaji sehemu moja ya 250 ya sekunde, ya pili itahitaji takriban sehemu moja ya 15. Mpiga picha atahitaji kitegemeo cha miguu mitatu, na mwanamitindo hana budi kutulia tuli. Kwa maneno mengine, kumpa mtambo nafasi ya mhusika kuna gharama yake. Mpiga picha anapouacha ugeuke ukungu, amechagua msimulizi anayemtaja mwajiri kwa jina na kumwita mfanyakazi "mtu fulani".

Njia ya pili ni mwanga. Viwanda vingi vya kale vya Ulaya viliezekwa kwa mapaa yenye umbo la meno ya msumeno, madirisha yake yakielekea kaskazini. Huko jua haliji upande wa kaskazini wakati wa mchana, kwa hiyo mwanga unaoingia ni wa upole na haubadiliki ghafla. Mwanga huo uliwekwa kwa ajili ya fundi, ili aone uzi au chuma bila kuumizwa macho. Mpiga picha wa mitindo anaufaidi mwanga uliojengewa kazi ya mtu mwingine. Mpiga picha wa Nairobi asiige kanuni hiyo bila kufikiri, maana sisi tuko karibu na ikweta, na kati ya mwishoni mwa Machi na Septemba jua la adhuhuri huwa upande huo huo wa kaskazini.

Njia ya tatu ni kimo cha kamera. Kamera ikishushwa hadi magotini, mwanamitindo hurefuka akawa mnara na mashine zikawa vibarua miguuni pake. Ikiwekwa usawa wa macho, mtu na mtambo hukutana kama wenye haki sawa.

Pazia moja, matabaka mawili

Mtu anaweza kupinga kwamba suluhisho ni kuondoa mandhari kabisa. Irving Penn alilijaribu jambo hilo. Mwaka 1950, akiwa Paris kwa kazi ya jarida la Vogue, aliwapiga wanamitindo picha katika studio ya ghorofani, nyuma yao likiwa limetundikwa pazia kuukuu la ukumbi wa maonyesho. Katika kipindi hicho hicho aliwaita watu wa kazi za mikono waje na nguo zao za kazi na vifaa vyao, akawapiga picha kwa mwanga wa aina ile ile. Aliuendeleza mradi huo London na New York hadi mwaka 1951.

Matokeo yake yanafundisha. Kibarua na mwanamitindo walipewa heshima moja ya kutazamwa kwa makini. Aproni iliyochafuka nayo ikasomeka kama vazi lenye mkato, uzito na mtindo wake. Mandhari haikutoweka, ilihamia mwilini, ikakaa katika mikono na viatu. Penn alituonyesha kwamba kinachotakiwa ni mfanyakazi kuwa mada ya sentensi, awe ndani ya kiwanda au nje yake.

Kinyume cha Penn kilionekana mwaka 2008, wakati Vogue ya India ilipochapisha picha za watu maskini wakiwa na bidhaa za bei ghali: mtoto aliyevalishwa kitambaa cha kifuani cha Fendi, mwanamume aliyeshika mwavuli wa Burberry. Maelezo chini ya picha yaliwataja watengenezaji wa bidhaa. Waliozishika hawakutajwa majina. Lawama zilizofuata zilienea kutoka India hadi ng'ambo, na kwa mwanafunzi wa lugha kosa lenyewe ni la kisarufi: nomino za pekee zilipewa vitu, na nomino za jumla zikaachiwa watu.

Funzo kwetu

Picha za namna hii hazipo mbali nasi. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana vichwa vya garimoshi vilivyopata kutu, na wapiga picha wa mitindo na wa arusi huvipenda. Hakuna ubaya katika hilo. Lakini reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ililetewa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India, na takriban 2,500 kati yao walifariki. Kutu ile si rangi tu. Vivyo hivyo, mafundi wa jua kali wa Kamukunji wanaofua mabati na kuunda masanduku wako kazini mwao, na mahali pao ni kiwanda hai. Anayewaendea na gauni na kamera ameingia katika nyumba ya watu, na hodi hubishwa.

Kutokana na mifano tuliyoichambua, tunapendekeza maswali matatu ya kuisoma, au kuipiga, picha ya aina hii. Kwanza, je, vazi na mandhari vina historia inayovihusisha, au vimekutanishwa kwa mshangao tu? Pili, kama mandhari ingeondolewa na kuwekwa nyingine yenye uchakavu sawa, je, maana ya picha ingebadilika? Ikiwa haibadiliki, mandhari ilikuwa pambo. Tatu, watu wa mahali hapo wako wapi, na kama wamo pichani, wana majina?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uhakiki wa fasihi unatuwezesha kusoma picha za mitindo kwa makini kuliko zinavyosomwa na wanaozinunua. Ukinzani wa hariri na kutu una nguvu ya kutufungua macho, na nguvu hiyo hiyo inaweza kutumiwa kuwafanya wenye jasho wasionekane. Mstari unaozitenganisha hali hizi mbili ni ule ule tunaoutumia kumpima mwandishi wa riwaya: je, anawajua watu wa mahali anapopaandika? Vinavyoelea vimeundwa, na picha nzuri humwachia muundaji nafasi.

Maswali ya kudurusu

1. Ukirejelea picha ya Beaton ya mwaka 1941 na mkasa wa mtaa wa Lepic wa mwaka 1947, fafanua tofauti kati ya ukinzani wenye uhusiano na ukinzani wa mshangao.
2. Chagua picha moja ya mitindo kutoka gazeti au jarida lolote la Kenya. Ichambue kwa kuzingatia mandhari, kimo cha kamera na uwazi wa vilivyo nyuma ya mwanamitindo.
3. "Kiwanda mfu ni mandhari tulivu." Jadili kauli hii ukiihusisha na riwaya moja ya Kiswahili uliyoisoma ambayo wahusika wake ni wafanyakazi.